Msomaji Asiye na Jina: Kutoka Mambo Leo hadi Kacyiru

Msomaji anayesifu kitabu mtandaoni kwa jina la kubuni hudhaniwa kuwa ni zao la siku hizi. Katika Kiswahili ana babu zake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapa barua na mashairi ya wasomaji, na magazeti yaliyofuata yakaendeleza desturi hiyo. Baadhi ya watunzi walitumia lakabu. Aliyejiita Sauti ya Kiza tunamfahamu kuwa ni Amiri Andanenga (siri ya lakabu haikai sana), ila wapo ambao hatutawajua kamwe.

Lakabu haikuwa pambo tu. Chini ya kivuli chake kijana aliweza kumjibu mzee bila kuonekana amekosa adabu.

Rwanda jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi Kiswahili kilihusishwa na Waislamu na wafanyabiashara wa Nyamirambo, na neno umuswahili katika Kinyarwanda likabeba dharau. Kukiri hadharani kwamba umependa riwaya ya Kiswahili kulikuwa ni kujitambulisha, wala si kusifu kitabu tu. Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyopo Kacyiru, ilianza kama mradi wa Rotary Kigali-Virunga mwaka 2000, ikafunguliwa 2012. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi. Sheria ilibadilika upesi kuliko masikio ya watu.

Ndiyo maana tukimwuliza mwanafunzi darasani ni kitabu gani alichokipenda karibuni, hututajia kitabu cha mtihani. Anachunga sarufi, anawachunga wenzake, anamchunga na mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

Tunapendekeza karatasi isiyo na jina. Mwanafunzi aandike kichwa cha kitabu, mwandishi, na sentensi tatu za maoni yake. Kisha karatasi zibandikwe ukutani, wengine wasome na wajibu vivyo hivyo. Wapo wenzetu wanaohofia matusi na uvivu. Hofu hiyo ina msingi, na wahariri wa magazeti hawakuchapa kila walicholetewa. Mwalimu naye achuje matusi. Makosa ya ngeli ayaache yalivyo, ayafundishe siku nyingine.