Koleo la Filbert Bayi

Wiki hii, ndugu msikilizaji, sitazungumzia bei ya pamba wala mvua. Nitazungumzia mbuzi watatu, goti moja na medali moja ya fedha. Naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mambo haya matatu yana uhusiano.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Nyalikungu, wilayani Maswa, kwa shughuli ya ukoo. Hata begi sijalitua vizuri, dada yangu akaniambia kuna kesi inanisubiri. Mshitakiwa ni mwanawe, yaani mpwa wangu, kijana wa miaka 20. Tangu shule ya msingi huyu alikuwa winga wa kulia, na watu walimjua kwa hilo kuliko kwa jina lake. Mwaka jana aliumia goti. Akatibiwa, akapumzika, akarudi uwanjani, goti likavimba tena. Mganga akamwambia wazi kwamba mambo ya kukata kona na kugongana na mabeki ayaache, lakini baiskeli anaweza kuendesha. Kijana akalishika hilo neno la mwisho. Sasa anataka mbuzi watatu wa nyumbani wauzwe ili anunue baiskeli ya mashindano.

Wasikilizaji wa Kanda ya Ziwa hawatashangaa. Kwetu Usukumani baiskeli imebeba pamba, maziwa, maji, wagonjwa na maharusi. Mashindano ya baiskeli yanapoitishwa Bariadi, Shinyanga au Mwanza, watu hujipanga barabarani kama wanaomsubiri kiongozi wa nchi. Kwa hiyo wazo la kijana halikuwa la kichaa. Lakini baba yangu, ambaye ndiye babu yake, alikuwa amekwisha kutoa hukumu.

"Huyu ameshindwa mpira," alisema. "Aliyeshindwa kule atashindwa na huku. Mbuzi wangu hawauzwi." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mtu wa redio. Haya, sema."

Sikusema usiku ule. Nilimwuliza tu kama anamkumbuka Filbert Bayi. Mzee akacheka, maana mwaka 1980 alikuwa mpima pamba, na mwisho wa mwezi Julai ni msimu wa kununua. Walikuwa ghalani, akasema, redio ya betri imewekwa juu ya marobota, waliposikia kwamba Mtanzania amepata medali Moscow. Kazi ikasimama kwa muda, na hakuna mkulima aliyelalamika.

"Je, baba, unakumbuka alipata medali katika mbio gani?"

"Mita 1,500," akajibu bila kusita.

Hapo ndipo nilipojua cha kuzungumza wiki hii. Kwa sababu, ndugu msikilizaji, si mita 1,500. Na sidhani kama mzee wangu yuko peke yake katika kosa hilo.

Hebu turudi nyuma. Filbert Bayi alizaliwa mwaka 1953 huko Karatu, akawa askari wa Jeshi la Wananchi, na mchezo uliomtoa duniani ulikuwa kweli mita 1,500. Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, mtu ambaye wakati huo kumshinda ilikuwa habari ya bara zima. Mwaka mmodi baadaye, tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, alifanya jambo ambalo makocha walikuwa wakiwakataza wakimbiaji wao. Alitoka mbele tangu mwanzo na akabaki mbele. Hakumvizia mtu, hakungojea mzunguko wa mwisho. John Walker wa New Zealand alimfukuza huku uwanja wa nyumbani ukimpigia kelele, lakini hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker aliyekuwa wa pili naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani, ya Mmarekani Jim Ryun. Rekodi ile ya dunia ilidumu mpaka mwaka 1979 alipoivunja Sebastian Coe wa Uingereza. Na kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu hadi mwaka 2022. Hesabu mwenyewe: miaka 48.

Mwezi Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51. Walker akamnyang'anya mwezi Agosti mwaka huohuo. Dunia nzima ya riadha sasa ilikuwa ikisubiri Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976, wanaume hawa wawili wakutane.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule ambao watoto wa shule walipigwa risasi Soweto. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki, ikakataliwa, na zaidi ya nchi 20 zikasusia, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Mimi ni katika wanaoamini kwamba uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini haki nayo ina gharama, na mara nyingi anayelipa ni mtu mmoja mmoja. Walker alishinda medali ya dhahabu Montreal kwa dakika 3 na sekunde 39, mbio za taratibu kabisa kwa watu wa kiwango chao. Bayi alikuwa na miaka 23, umri ambao miguu ya mkimbiaji inakaribia kilele.

Baada ya hapo mambo yakawa mazito. Malaria ilimwandama. Mwaka 1978 alishinda tena Michezo ya Afrika, mjini Algiers, lakini katika Jumuiya ya Madola mjini Edmonton alipitwa na Mwingereza David Moorcroft kwa sehemu ndogo ya sekunde. Na nyuma yao walikuwa wakija Waingereza wengine wawili, Coe na Steve Ovett, ambao wangezitawala mbio za kati kwa miaka kadhaa. Nyumbani, nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye vita ya Kagera, na kila kitu kilikuwa cha kubana mkanda.

Sasa sikiliza. Mwaka 1980 ulipofika, Bayi hakusimama Moscow kugombea ile mita 1,500 iliyompa jina. Alisimama kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Mtu ataniambia kukimbia ni kukimbia tu. La hasha. Umbali ni mara mbili. Njiani kuna viunzi 28 vya mbao nene, ambavyo ukivigonga havianguki, unaanguka wewe. Tena kuna maji mara saba. Anayekimbia mita 1,500 huhesabu hatua zake kwa utulivu. Huyu wa viunzi hesabu yake huvurugwa kila baada ya sekunde chache. Ni kazi nyingine. Bayi alikuwa amewahi kuijaribu akiwa kijana, katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akaishia kwenye mchujo. Miaka minane baadaye, akiwa bingwa aliyepungukiwa, alirudi kwenye kazi ile ambayo haikumpa kitu.

Kulikuwa na jaribio moja zaidi la kumzuia. Safari hii Marekani ndiyo iliyokuwa ikisusia, kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali barani Afrika kutushawishi nasi tususie. Ali alifika Dar es Salaam mwezi Februari 1980, na Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Kenya ikasusia. Tanzania ikaenda.

Fainali ilikuwa tarehe 31 Julai. Bayi akafanya vilevile alivyofanya Christchurch: akatoka mbele. Akawaacha wenzake makumi ya mita. Kwa muda mrefu ilionekana kama amekwisha kushinda. Lakini nyuma yake alikuwako Mpoland Bronisław Malinowski, mshindi wa medali ya fedha ya Montreal, mtu aliyekuwa ameishi na viunzi miaka yote ile. Malinowski alikula pengo kidogo kidogo, na katika mzunguko wa mwisho, karibu na ruko la mwisho la maji, akampita Bayi ambaye miguu ilikuwa imekwisha. Malinowski dakika 8 na sekunde 9.70, Bayi dakika 8 na sekunde 12.48. Medali ya fedha. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Tanzania. Kesho yake Suleiman Nyambui, kijana wa kutoka mkoa wa Mara, alipata fedha nyingine katika mita 5,000. Mpaka Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 inamalizika, nchi yetu haikuwa imepata ya tatu.

Kwa hiyo nilimwambia baba: medali uliyosimamishia mizani ya pamba ilitoka kwa mtu aliyehama mchezo. Angeng'ang'ania kule alikoumizwa, pengine ghalani pasingekuwa na kelele siku ile.

Lakini, ndugu msikilizaji, ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Si kila anayehama hufika. Nchini Marekani yuko Tim Tebow. Alicheza mpira wao ule wa miguu unaochezwa zaidi kwa mikono, katika nafasi ya kwotabeki, yaani yule anayeshika mpira kwanza na kuamua nani arushiwe. Mwaka 2007, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Florida, alipata tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Akaingia kwenye timu ya kulipwa ya Denver mwaka 2010, na Januari 2012 akaipa ushindi wa mtoano ambao bado unasimuliwa. Lakini mikono yake haikuwa na shabaha waliyoitaka. Denver wakamleta mtu mwingine, yeye akapelekwa New York, akakalishwa benchi, kisha timu moja baada ya nyingine zikamwacha. Mwaka 2016, akiwa na miaka 29, akahamia besiboli, mchezo ambao hakuwa ameucheza tangu shule ya sekondari.

Alijituma. Alipanda ngazi kwenye timu za chini za klabu ya Mets mpaka ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Hapo ukuta ukamsimamisha. Kule Syracuse mwaka 2019, katika kila nafasi 100 za kupiga, alifanikiwa kama mara 16. Kupiga mpira mdogo unaokujia kwa kasi ya gari la barabara kuu ni kazi ya jicho lililofundishwa tangu utotoni, na nguvu za mabega hazisaidii sana. Mwezi Februari 2021 akastaafu besiboli bila kukanyaga ligi kuu.

Tofauti ya Bayi na Tebow ni nini? Bidii wote walikuwa nayo. Tofauti ni kile walichobeba walipohama. Bayi alibeba pumzi, kasi na moyo wa kukaa mbele, na pale alipokwenda vitu hivyo vilikuwa na soko. Tebow alibeba nguvu na jina, akaenda mahali palipotaka jicho. Na tusisahau kwamba hata Bayi alibeba na udhaifu wake. Ule moyo wa kutoka mbele, uliompa dahabu Christchurch, ndio uliommaliza Moscow. Mtu huhama mchezo, lakini tabia yake huhama naye.

Asubuhi yake nilimwita mpwa wangu chini ya mwembe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mpira umekuachia nini?"

Alidhani ninamtania, lakini nilimsubiri. Mwishowe akasema, "Pumzi, mjomba. Dakika ya 90 mabeki wote hoi, mimi bado nataka kukimbia. Na mapaja."

"Na tabia gani mbaya?"

Hapo akacheka. "Nilikuwa namaliza nguvu zote kipindi cha kwanza, mpaka kocha akawa ananifokea."

Nikamweleza habari za Moscow, na kwamba katika baiskeli anayekaa mbele muda wote ndiye anayepambana na upepo kwa niaba ya walio nyuma yake. Alinisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sisi husemesha methali hii misibani na kwenye mitihani iliyoharibika, kisha mtoto akivunjikiwa na koleo kweli tunamwita mwoga akitafuta jingine. Filbert Bayi mwenyewe aliendelea kutafuta mengine. Alipoacha mbio alianzisha shule, na kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Ni kazi nyingine tena, zenye viunzi vyake.

Hukumu ya kesi ya Nyalikungu ni hii. Mbuzi wawili wauzwe. Wa tatu abaki zizini kwa ajili ya mzee, na thamani yake nimeilipa mimi. Kijana apewe misimu miwili. Asipofika popote, arudi tumwulize tena swali lilelile: baiskeli imekuachia nini?

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza kama yule Mpoland alikuwa amewahi kukimbia mita 1,500 na Bayi. Nikamwambia hilo sasa ni swali la wiki nyingine.