Nyimbo Tatu za Kapkatet na Muziki Unaotungwa Ukipigwa

Ukitoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil, utafika Kariandusi, machimbo ya udongo mweupe upande mmoja na makumbusho madogo upande wa pili. Mwanaakiolojia Louis Leakey na wenzake walianza kazi hapo mwishoni mwa miaka ya 1920, na kilichowashangaza kilikuwa wingi wa mashoka ya mkono. Mengine ni ya jiwe la kawaida la volkano, mengine ni ya lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Mpaka leo mengi yamelala palepale yalipofukuliwa, na mgeni huyatazama akiwa juu, ukingoni mwa shimo. Yamekaa ardhini kwa mamia ya maelfu ya miaka, na bado unaweza kuuona upande uliochongwa ukalingana na mwenzake, na upande ambao mchongaji aliukatisha ghafla.

Sauti za wachongaji hao hazikubaki. Kwa mwandishi wa historia ya muziki, Bonde la Ufa ni mahali pagumu kwa sababu hiyo: shoka linangoja miaka, wimbo hauwezi. Usipopigwa na mtu mwingine kesho, umekwisha. Ndiyo maana siku ya mwaka 1950 ambapo Hugh Tracey alifika Kapkatet, kwenye milima ya Wakipsigis kusini mwa Kericho, ni siku kubwa kuliko inavyotajwa katika vitabu vyetu vya shule.

Tracey alikuwa Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, na alizunguka nchi nyingi za bara hili na gari lililobeba mitambo ya kurekodia. Baadaye, mwaka 1954, alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Pale Kapkatet alikuta wimbo uliokuwa ukienea kwa vijana. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, zilikuwa zimefika huko juu pamoja na gramafoni za Wazungu, na jina lake likageuka Chemirocha midomoni mwa watu. Huyo Chemirocha naye akageuka kiumbe, nusu mtu nusu paa, anayecheza ngoma.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na wanaokisimulia huishia kwa huyo paa. Kuna jambo lingine linalonivutia zaidi. Tracey hakurekodi Chemirocha mmoja, alirekodi watatu. Mmoja uliimbwa na Bekyibei arap Mosonick, mwingine na Cherwo arap Korogem, kila mwanamume na kinubi chake cha chepkong'o. Wa tatu uliongozwa na Chemutoi Ketienya akiwa na wasichana wanaomwitikia, kinubi kikiwa chini yao. Zisikilize zote mfululizo. Jina ni lilelile, na wazo ni lilelile, lakini kila mmoja anaingia kwa njia yake, anakawia anapotaka, na maneno anayapanga upya. Waimbaji hawa wana kiini cha wimbo tu mkononi, na yaliyobaki wanayatunga wakati kinubi kinalia. Wale wasichana hasa wanaitikia kwa wepesi ambao hakuna mtu angeweza kuuandika kwanza kisha akawafundisha.

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, tangu miaka ya 1950 na 1960, kuna watu wanaofanya maonyesho ya muziki wa ukumbi mdogo ambapo mtunzi huandika sehemu ya kazi na kuwaachia wapigaji sehemu nyingine waibuni papo hapo. Wapigaji ni wachache, hadhira iko karibu, na hakuna ajuaye usiku huo utaishia wapi. Huuita muziki wa majaribio. Sina ugomvi na jina hilo, na baadhi ya kazi hizo ni nzuri sana. Ila mtu wa Bonde la Ufa au wa Nyanza akizisikia, atajua kwamba ameingia nyumba anayoijua.

Chukua nyatiti, kinubi cha Waluo. Kina nyuzi 8. Mpigaji hukalia kigoda kifupi, bakuli la ala likiwa karibu na ardhi. Mguuni amefunga njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye mti wa ala yenyewe. Kwa hiyo mtu mmoja anapiga nyuzi, anapiga mdundo, na anaimba. Mzunguko wa nyuzi haubadiliki sana, ndio msingi. Juu yake maneno huja kulingana na waliohudhuria. Halafu kuna pakruok: mtu katika hadhira husimama, hukatiza wimbo, hutoa fedha, na kujisifu yeye au rafiki zake au ukoo wake, na mpigaji inambidi alipokee jambo hilo na kuliingiza katika wimbo bila kuangusha mdundo. Hadhira imekuwa mtunzi. Sijui ukumbi wa Ulaya uliothubutu kufika hapo.

Washington Omondi aliutambua uzito wa elimu hiyo. Alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliotayarisha wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963, na baadaye akaandika tasnifu ya uzamivu juu ya muziki wa kinubi cha Waluo. Mwanamuziki aliyejua kuandika noti za kwaya aliona kwamba mpigaji wa kijijini anastahili utafiti wa miaka. Ayub Ogada naye alikibeba kinubi hichohicho mpaka njia za treni za chini ya ardhi mjini London, na mwaka 1993 akatoa albamu ya En Mana Kuoyo, yenye nyatiti na sauti yake.

Pwani mambo yalikwenda kwa mlango mwingine. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, anatajwa kumtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, ala ya nyuzi, ili watu wa baraza yake wapate burudani. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Katika taarabu yao ya zamani kulikuwa na bashrafu, kipande cha ala tupu kilichotungwa kikamilifu na kupigwa na wote kwa pamoja. Na kulikuwa na taksimu, ambapo udi au ganuni au fidla huachwa peke yake ibuni ndani ya makamu, yaani mfumo wa noti, uliochaguliwa. Kundi dogo, chumba kimoja, kilichotungwa na kinachobuniwa bega kwa bega. Hapo hata jina la muziki wa ukumbi mdogo linaingia bila kulazimishwa.

Uganda ilitoa jibu la tatu. Justinian Tamusuza, aliyefundisha Makerere, mwaka 1988 alitunga Mu Kkubo Ery'Omusaalaba kwa ajili ya wapigaji wanne: fidla mbili, viola na chelo. Kronos Quartet ya San Francisco iliirekodi sehemu ya kwanza katika albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992. Kila noti imeandikwa, lakini nyuzi zinapokezana jinsi wapigaji wa amadinda, marimba ya Waganda, wanavyopokezana, kila mmoja akijaza pengo la mwenzake, na masikio yako yanasikia wimbo ambao hakuna mpigaji mmoja anayeupiga. Tamusuza aliipeleka karatasini elimu iliyokuwa mikononi mwa watu.

Kazi imeendelea kwa vijana. Nyokabi Kariũki alitoa peace places: kenyan memories mwaka 2022, akichanganya utunzi na sauti za mahali anapopapenda nchini Kenya. Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU na ni mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri mwenye jina hilohilo, hurekodi mazingira na kuyatungia upya. Wote wawili wanasikilizwa sana nje. Nyumbani kumbi zao ni chache, na nyingi ziko Nairobi.

Na zile nyimbo tatu? Karibu miaka 65 baada ya Tracey, maktaba yake ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi katika mradi wa Singing Wells ilizirudisha kwa Wakipsigis, na wazee wakasikia tena sauti za ujana wao. Hiyo ndiyo kazi bora ya kumbukumbu niijuayo katika muziki wa nchi hii. Lakini kurudisha rekodi ni nusu ya safari.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limefunza vizazi vya wanafunzi kuimba wimbo wa lazima, noti kwa noti, na alama hukatwa kwa anayepotoka. Nidhamu hiyo imezaa kwaya nzuri, na sitaki iondoke. Ninachotaka ni shindano moja zaidi: wanafunzi wanne au watano, kinubi kimoja kati yao, wapewe mzunguko mfupi wa nyuzi asubuhi na jioni wauwasilishe mbele ya watu kwa njia yao, kila kundi tofauti na lingine. Waamuzi wawe wapigaji wa chepkong'o na nyatiti, wakae kando ya walimu wa muziki. Lianzie katika shule za Nakuru, Kericho na Bomet, na mzunguko wa kwanza utolewe katika Chemirocha wa mwaka 1950.