Mkono Mtupu Haulambwi

Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi aliyejichumia mali Bagamoyo kwa biashara ya misafara iendayo bara, alifariki Unguja mwaka 1897. Mwaka huohuo hospitali iliyojengwa kwa fedha zake ilifunguliwa Dar es Salaam. Ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo. Sadaka yake ilikuwa njema, lakini ilitangulia desturi iliyodumu: mwenye kutaka kutibu watu hujenga nyumba kubwa mjini, na wagonjwa huifuata.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilirithi desturi hiyo. Palikuwa na vituo vya afya 22 tu vya vijijini, hali wananchi walio wengi mno waliishi shamba. Mwaka 1964 ripoti iliyoongozwa na Richard Titmuss, mwanazuoni wa London, ilishauri fedha zielekezwe kwenye kinga na vituo vya afya. Shauri lilisikika, ila hospitali ziliendelea kula sehemu kubwa ya bajeti.

Sababu yake yafaa kuelezwa. Hospitali hujengwa mara moja, lakini hulishwa kila mwaka: mishahara, dawa, chakula, umeme, matengenezo. Aliyetoa fedha za kujenga huondoka na shukrani zake, na gharama ya kuendesha huiachia hazina. Basi kila kitanda kipya cha mjini kilikuwa deni la kudumu juu ya kijiji kisicho na zahanati.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mizani ilianza kupinduliwa. Mwaka 1971 TANU iliamua kwamba huduma za vijijini zitangulizwe, na baada yake upanuzi wa hospitali kubwa ukabanwa. Kipimo kilichowekwa kilikuwa wazi: zahanati moja kwa watu 10,000, kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wanakijiji kandokando ya redio, wakasoma kwa vikundi, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vilikuwa vimepindukia 230. Mwaka 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata kutangaza afya ya msingi, Tanzania ilikuwa imeshatangulia njiani.

Hata hivyo palibaki ufa. Mhudumu wa afya wa kijiji, aliyebisha hodi mlangoni mwa mzazi na kumhimiza achanjishe mtoto, aliachiwa serikali ya kijiji imtunze. Kijiji nacho hakikuwa na kitu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na ughali wa mafuta viliikausha hazina. Dawa zikaadimika, wahudumu wengi wakarudi makondeni mwao. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza tena kuchangia gharama za hospitali za umma. Hawakuacha kazi kwa kukosa moyo. Waliombwa kujitolea na wale wasiothubutu kumwomba daktari wa mjini afanye kazi bila ujira.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwafikisha zaidi ya 130,000 katika miaka 5, kwa mafunzo na posho. Nia ni ileile ya mwaka 1971. Historia yatuonyesha mahali pa kuutazamia: si kwenye hotuba ya uzinduzi, bali kwenye fungu la matumizi ya kila mwaka, hasa katika mwaka wa shida, pale hospitali kubwa inapodai haki yake kwa sauti na kitongoji hakina wa kukisemea.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Anayemkinga mwanakijiji na maradhi kabla hajabebwa kwenda mjini naye ana watoto wanaongoja chakula cha jioni.