Nguzo za Nuremberg: Maandishi na Umoja wa Binadamu
Mwaka 1935, mjini Nuremberg, utawala wa Kinazi ulitumia maandishi ya sheria kuwatenga Wayahudi na raia wenzao. Mwaka 1993, mjini humo humo, mchongaji wa Israeli, Dani Karavan, aliyajibu maandishi hayo kwa nguzo 27 za saruji nyeupe, mabamba mawili ya ardhini na mwaloni mmoja: jumla 30, sawa na vifungu vya Azimio la Haki za Binadamu la 1948.

Kila kifungu kimeandikwa kwa Kijerumani na kwa lugha nyingine. Cha kwanza kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya. Umoja unaodaiwa hapa basi si wa lugha moja kuzimeza nyingine, bali wa lugha kukamilishana. Nacho Kijerumani, kilichotumiwa kubagua, kinatoa ushahidi katika kila kifungu.