Kifungashio fichuzi: lakiri haizuii, inasema

Vocha ya kukwangua haina kufuli. Ile rangi ya fedha inayofunika tarakimu huondoka kwa ukucha, na walioibuni walijua hivyo. Kazi yake ni nyingine: ikishakwanguliwa hairudi, kwa hiyo mnunuzi anayepewa vocha yenye mchubuko hana haja ya kumhoji muuza duka kama kuna mtu ameshaiona namba. Anairudisha na kudai nyingine. Kwa umbo dogo kabisa, hicho ndicho Waingereza wanachokiita tamper-evident packaging, na katika makala haya napendekeza tukiite kifungashio fichuzi.

Istilahi hii ina ndugu wawili ambao watu huwachanganya nayo. Kuna kifungashio sugu, ambacho mtengenezaji wake anadai hakifunguki asipotaka mwenye nacho. Kuna kifungashio kizuizi, kinachomchosha na kumchelewesha mwizi. Kifungashio fichuzi hakidai lolote kati ya hayo mawili. Kinaweza kuwa karatasi tupu. Sharti lake ni kwamba mtu akishakifungua asiweze kukirudisha kilivyokuwa, na mpokeaji aione dalili kwa macho yake mwenyewe, bila maabara. Ukikiita "kifungashio kisichofunguka" umemwahidi mnunuzi jambo ambalo hakuna aliyeliahidi.

Wamarekani wenyewe walijikwaa papo hapo. Mwaka 1982 watu 7 wa Chicago na vitongoji vyake walikufa baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sianidi. Sumu haikutiwa kiwandani. Kuna mtu aliyezichezea chupa zikiwa zimeshafika madukani, na chupa hazikuonyesha alama yoyote. Kampuni ya Johnson & Johnson yenye chapa ya Tylenol iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Kabla mwaka haujaisha, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ikatoa kanuni mpya za ufungashaji wa dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari. Ila kanuni hizo zilitumia neno lenye maana ya kuzuia. Ilichukua hadi 1998 kwa FDA kulibadilisha rasmi na kuandika lenye maana ya kudhihirisha. Miaka 16 kukiri kwamba ngozi ya plastiki shingoni mwa chupa haimzuii mtu yeyote, inamsemea tu!

Kwa nini fichuzi? Kitenzi fichua kina nusu mbili tunazozihitaji: kuna jambo limefichwa, na kuna kitu kinalitoa hadharani. Umbo lake linafuata njia iliyokwisha kuzoeleka, ya maneno kama elekezi na shirikishi. Nililipima pia umbua, likanipendeza kwa ukali wake, lakini umbua humtaka mtu wa kuaibishwa, na kifungashio hakimjui mwizi. Kinajua tu kwamba kimefunguliwa. Maneno mengine tunayo tayari. Lakiri ndiyo wanayoifunga Wakala wa Vipimo kwenye pampu za mafuta, ndiyo inayofunga masanduku ya kura; Kenya wengi husema sili, na hakuna ubaya. Kuchezea linatosha kwa kitendo chenyewe, kama tunavyosema mita imechezewa. Kuchakachua tulibakize kwa yule aliyebadilisha kilichomo. Na anayetoa katoni mbili katika mia akaacha zilizobaki, huyo ni mdokozi. Udokozi ndio ugonjwa mkubwa wa mizigo ya safari ndefu.

Twende barabarani basi. Kontena linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, au Mombasa kwenda Malaba, aghalabu hufungwa kwa lakiri ya bolti: pini ya chuma iliyovikwa plastiki ya rangi, inayopitishwa kwenye tundu la komeo la mlango na kubanwa na kichwa chake hadi isikike ikilia. Haina ufunguo. Huiondoi ila kwa mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, na ikikatwa imekwisha kazi. Kwenye plastiki kuna namba, na karibu yake herufi H. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17712 kimezigawa lakiri za kontena madaraja matatu: I ni ya kuashiria tu, S ya usalama, H ya usalama wa juu. Ili ipewe H, lakiri lazima ihimili kuvutwa kwa nguvu ya kilonyutoni 10, karibu sawa na kuning'iniziwa tani nzima.

Hapo istilahi zetu zimekutana kwenye kipande kimoja cha chuma: unene wake ni kizuizi, namba yake ni fichuzi. Watu husifu chuma. Mimi nasifu namba. Mwenye mkasi hukata bolti upesi na kuchomeka nyingine ya rangi ileile. Asichokipata kirahisi ni bolti yenye namba ileile. Na namba ina faida pale tu ilipoandikwa mahali pengine, mbali na mkono wa anayesafirisha.

Wezi wazoefu, hata hivyo, wanaweza wasiiguse lakiri kabisa. Mkono wa komeo umeshikwa na ribiti. Mwizi anaitoboa ribiti, anautoa mkono na lakiri yake ikiwa nzima, anafungua mlango, anadokoa, kisha anarudisha ribiti ya bandia na kuipaka rangi. Karani anayesoma namba na kuweka alama ya vema haoni kasoro. Ndiyo maana mpango wa forodha ya Marekani uitwao C-TPAT, ulioanzishwa 2001, huwafundisha wakaguzi mambo manne kwa mfuatano: itazame lakiri pamoja na komeo lake, ihakiki namba dhidi ya hati, ivute, kisha izungushe. Kuzungusha si mbwembwe. Kuna bolti zilizokatwa, zikachongwa hesi kwa ndani, zikaunganishwa tena. Ukizitazama ni nzima, ukizizungusha zinaachia mkononi.

Asije mtu akadhani ughali unaponya. Roger Johnston na wenzake wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani walizichunguza lakiri 94 za aina tofauti katika miaka ya 1990, za kielektroniki zikiwemo, na zote zikahadaika kwa mbinu za haraka zisizohitaji vifaa vya ajabu. Kuihadaa lakiri ni kuifungua na kuirudisha bila mkaguzi kugundua. Kwa hiyo nusu ya udhaifu iko kwenye macho ya mkaguzi. Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena za forodha tangu 2017, wenye lakiri za kielektroniki zinazotuma taarifa ya mahali lori lilipo na kupiga king'ora kwenye kituo cha uangalizi zikikatwa. Ni hatua kubwa, maana ufichuzi hausubiri tena mwisho wa safari. Lakini ribiti ni ileile.

Kuna pia ufunguaji wa halali. Afisa wa forodha akitilia shaka kontena anaikata lakiri, anakagua, anaweka nyingine, na namba mpya inaingia kwenye hati. Utaratibu huu ni mkongwe. Mwanaakiolojia Howard Carter alipofika kwenye mlango wa kaburi la Farao Tutankhamun mwaka 1922 aliona pembe moja ya plasta imezibwa upya na kugongwa muhuri wa walinzi wa makaburi, ilhali kwingine kulikuwa na muhuri wa mfalme mwenyewe. Kabla hajachungulia ndani alishajua kwamba kuna watu waliingia, na kwamba wenye dhamana waligundua wakafunga tena. Zaidi ya karne 32 baadaye hati ya makabidhiano ilikuwa bado inasomeka.

Kwa mzigo mdogo wa kutuma kwa basi, gharama si hoja. Selotepu ya kahawia haifichui kitu, kwa sababu kila duka linayo: anayeikata anabandika nyingine juu yake. Ipo tepu maalumu ambayo ikibanduliwa huacha maandishi kwenye katoni, nayo ni nzuri, ingawa baadhi yake hulegea kwa hewa ya moto ya kikausha nywele. Asiye nayo achukue kalamu ya wino mzito, asaini kukatiza ukingo wa selotepu, nusu ya saini kwenye tepu na nusu kwenye katoni, pande zote mbili, kisha apige picha na kumtumia mpokeaji kabla basi halijaondoka. Kuiunganisha upya saini iliyokatika ni kazi ngumu kuliko wanavyodhani wadokozi.

Na wewe unayepokea: ukishasaini kwamba umepokea mzigo ukiwa salama, dalili zote zilizokuwa kwenye katoni zinageuka kuwa mali yako. Linganisha kwanza na picha au namba uliyotumiwa, mbele ya aliyeuleta. Ukiona kasoro iandike kwenye hati, halafu ndipo usaini.