Kuthibitisha au Kuafiki?

Mwambie mtu wa Mloka, kijiji kile cha ukingoni mwa Mto Rufiji jirani na lango la Mtemere, kwamba kuna "huduma ya kuthibitisha jinsia". Atadhani unasema kipimo cha mjamzito anayetaka kujua tumboni mna mtoto gani, au mtu kuvuliwa nguo ili ionekane ni nani. Wala hakosei. Kuthibitisha ni kazi ya shahidi. Mwaka 2009, Caster Semenya wa Afrika Kusini aliposhinda mita 800 mjini Berlin, wakubwa wa riadha walimpima kuona kama kweli ni mwanamke. Kule ndiko kuthibitisha jinsia.

Huduma ninayoisema hapa, ile ambayo kwa Kiingereza huitwa gender-affirming care, ni kinyume chake. Mtu alizaliwa akaandikwa Me, lakini anajijua kuwa mwanamke. Anahitaji ushauri nasaha, pengine homoni, pengine upasuaji, ili mwili na maisha yake viende pamoja na anavyojijua. Hatakiwi alete ushahidi. Redioni husemwa "kubadili jinsia", lakini neno hilo linamfanya msikilizaji awaze kisu peke yake, na wahusika wengi husema jinsia yao ni ileile tangu utotoni.

Mimi nachagua kuafiki. Mambo yakiafikiana yamelingana. Watu wakiafikiana wamefikia muafaka. Hivyo iwe "huduma ya kuafiki jinsia". Neno hili lina faida ya pili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Ndani yake hali hii ilitolewa kwenye sura ya maradhi ya akili ikapelekwa sura ya hali zinazohusu afya ya kujamiiana, kwa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "kutoafikiana kwa jinsia". Mzizi mmoja unabeba hali na huduma yake.

Pwani kuna maneno ya zamani, lakini hayafai. Huntha, ambaye wanazuoni wa mirathi wamemjadili karne nyingi, ni mtu ambaye maumbile yake hayako wazi. Hilo ni la mwili, si la nafsi. Hanithi ni tusi. 

Neno baya huumiza zaidi linapohusu afya ya akili. Mtaani "ana matatizo ya akili" maana yake ni kichaa, apelekwe hospitali ya Mirembe. Sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, ni kitu kingine. Mtu anayefukuzwa kwao, anayechekwa kwenye foleni ya dawa, ambaye jina kwenye cheti halifanani na sura yake hivyo hapati kazi, akisononeka, huo si wazimu. Ni jeraha la kukataliwa, na zahanati akiiogopa hatatibiwa hata malaria. Februari 2017 serikali yetu ya Tanzania ilisimamisha huduma za UKIMWI kwa makundi maalumu katika vituo 40. Watu hawa walikuwa miongoni mwa waliohudumiwa humo.

Jina kwenye cheti limewahi kufika hata mahakamani. Nchini Kenya, Audrey Mbugua, mmoja wa watu hawa, alikuwa na cheti cha sekondari chenye jina la kiume. Baraza la mitihani lilikataa kukibadilisha, naye akaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2014 mahakama iliagiza apewe cheti kipya chenye jina lake, kisichotaja jinsia.

Sarufi yetu, kwa bahati, haina ugomvi huo. Amekuja, anaumwa, mpokee: hakuna Me wala Ke hapo, mpaka ufike kwenye kuoa na kuolewa. Basi watafsiri wa vitini vya afya, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) mkiwa mnasikiliza, liacheni "kuthibitisha" kwa polisi na mahakama.