Fundi wa Kurekebisha Maharibiko ya Maji: Historia ya Kuajiri na Kufundisha Mafundi wa Meli na Gati katika Mwambao wa Mwanza, 1900–2020

1.0 Utangulizi

Historia ya usafiri katika Ziwa Victoria imeandikwa zaidi kama historia ya meli. Majina ya meli yanajulikana, miaka ya kuzinduliwa kwake inakumbukwa, na ajali zake zinaombolezwa hadi leo. Fundi aliyekwangua kutu tumboni mwa meli, aliyekata bamba lililoliwa na maji na kuchomelea jipya, ametajwa kwa nadra. Insha hii inamweka fundi huyo katikati. Inachunguza namna mafundi wa kurekebisha kile ambacho maji ya ziwa yaliharibu walivyoajiriwa na kufundishwa, kuanzia enzi ya meli za kwanza za mvuke hadi mwaka 2020.

Dhana ya maharibiko ya maji inatumika hapa kwa upana wake. Kuna maharibiko ya polepole, yaani kutu kwenye chuma na kuoza kwa mbao. Kuna ya ghafla, kama vile chombo kupinduka na injini kuzama. Kuna pia ya msimu mrefu, pale ziwa lenyewe linapopanda na kufunika gati, maghala na nyumba za kando yake. Kila moja hudai ujuzi wake. Hoja kuu ya insha hii ni kwamba, katika sehemu kubwa ya kipindi hiki, ununuzi wa chombo ulitenganishwa na malezi ya fundi wa kukitunza. Kwa sababu hiyo ujuzi ulikaa mahali palipokuwa na karakana yenye kazi ya kudumu, na mahali hapo, kwa miongo mingi, hapakuwa Mwanza.

2.0 Meli Zilizofika Vipandevipande, 1900–1947

Kabla ya meli za chuma, mwambao huu ulikuwa na mafundi wake. Wajenzi wa mitumbwi wa Ukerewe, Sese na visiwa vingine walijua kuchagua mti, kuunganisha mbao na kuziba nyufa ili maji yasipenye. Ujuzi huo ulirithishwa kwa kijana kukaa karibu na mzee wake: kwanza akibeba mbao, baadaye akishika tezo, mwishowe akiachiwa chombo chake mwenyewe. Hapakuwa na cheti, lakini palikuwa na mtihani usio na huruma, nao ni ziwa lenyewe.

Meli za chuma zilikuja na utaratibu mwingine. Ziwa Victoria halina njia ya meli kutoka baharini, hivyo kila meli kubwa ilitengenezwa Ulaya, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Mombasa, kisha ikaunganishwa upya ufukweni mwa ziwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka 1900, na kwa meli zilizofuata za Winifred, Sybil, Clement Hill na Usoga. Reli ya Uganda ilipofika ziwani mwaka 1901, mahali ilipoishia, Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo, palipata karakana na gudi kavu, yaani bwawa la kuingizia meli na kulikausha ili mafundi wafanye kazi chini ya tumbo lake.

Uamuzi huo wa mahali pa karakana uliamua pia mahali pa ujuzi. Reli hiyo ilikuwa imejengwa na vibarua na mafundi takribani 32,000 walioletwa kutoka India, na wapatao 6,700 kati yao walibaki Afrika Mashariki. Katika karakana za reli na meli ikajengeka ngazi ya rangi: Mzungu msimamizi, Mhindi fundi, Mwafrika msaidizi. Msaidizi alibeba nyundo, akashika taa, akakwangua kutu. Wengi walijifunza kwa kutazama, lakini kujifunza kwa kutazama hakukuandikwa popote wala hakukulipiwa.

Mwanza, wakati huo, ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani hadi Waingereza walipoiteka mwaka 1916. Reli ya kutoka Tabora iliifikia mwaka 1928. Mji ukawa bandari muhimu ya pamba na abiria. Hata hivyo, meli iliyotoboka au kuliwa na kutu ilivuka ziwa kwenda Kisumu kutengenezwa.

3.0 Shule za Ufundi na Mvua za Uhuru, 1948–1964

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianza kukubali kwamba Mwafrika apewe mafunzo rasmi ya ufundi. Mishahara, hata hivyo, iliendelea kubeba ubaguzi. Tume ya Holmes ya mwaka 1948, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki, iliendeleza kanuni ya kumlipa mtumishi asiye Mzungu tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Ilikuwa hadi Tume ya Lidbury, mwaka 1954, ndipo madaraja ya mishahara yanayofuata rangi yalipopendekezwa kuondolewa. Kijana aliyefikiria kujifunza ufundi katika miaka hiyo alijua mapema kikomo cha thamani yake.

Ndani ya mazingira hayo ilifunguliwa shule ya ufundi ya Ifunda, mwaka 1951, na baadaye ile ya Moshi, mwaka 1957. Utaratibu wa Ifunda unastahili kuzingatiwa. Mwanafunzi alikaa shuleni miaka mitatu, kisha akafanya kazi kwa mwajiri miaka miwili chini ya usimamizi kabla ya kuhesabiwa kuwa fundi kamili. Miaka hiyo miwili ilikuwa ndiyo roho ya mpango wote, kwa kuwa darasa lina chuma kipya na safi, ilhali kazi ya ukarabati huanza na chuma kilichokwisha kuharibika. Anayejifunza kuchomelea bamba jipya bado hajajifunza kugonga bamba kuukuu kwa nyundo na kutambua kwa sauti yake kama limebaki na unene wa kutosha. Ujuzi wa namna hiyo hupatikana kwenye chombo chenyewe, pamoja na mtu anayeujua.

Muda mfupi baadaye ziwa lilitoa kipimo chake. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961, wakati Tanganyika ikipata uhuru, zilibaki katika kumbukumbu za watu kwa jina la mvua za Uhuru. Kati ya mwaka 1961 na Mei 1964, kina cha Ziwa Victoria kilipanda kwa takribani mita mbili na nusu. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili hutokana na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja. Kwa hiyo maji yaliyopanda hayakushuka kwa wiki wala miezi. Yalibaki juu kwa miaka. Gati zilizojengwa kwa kipimo cha zamani zililazimika kuinuliwa, na makazi ya ufukweni yakahamishwa.

Mafuriko ya mto huondoka, na fundi hurekebisha kilichobaki. Kupanda kwa ziwa humtaka fundi afanye kazi maji yakiwa bado yapo. Nguzo ya zege huharibika zaidi pale maji yanapoigusa na kuiacha, kwa kuwa hapo unyevu na hewa hukutana na kuila nondo iliyo ndani. Ukuta wa tofali hunyonya maji kutoka chini, na kuupaka lipu mpya kabla haujakauka ni kuficha ugonjwa. Waliozijua kazi hizi katika miaka ya 1960 walikuwa mafundi wa shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Uzoefu wao ulibaki ndani ya shirika hilo, na hatima yake ikafungamana na hatima ya shirika.

4.0 Karakana Ng'ambo ya Mpaka, 1977–1996

Meli ya MV Victoria ilianza safari zake mwaka 1961. Ilitengenezwa Uskoti, ikafunguliwa, ikasafirishwa na kuunganishwa Kisumu, kwa njia ileile ya William Mackinnon miaka sitini kabla. Katikati ya miaka ya 1960 zilifuata meli za kubeba mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, zilizounganisha reli za nchi tatu kupitia ziwani. Ilimradi Jumuiya ilikuwepo, Mwanza haikuona sababu ya kuwa na gudi lake. Kisumu ilikuwa ya wote.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Katika mgawanyo, MV Victoria na MV Umoja zilikuwa za Tanzania, MV Uhuru ya Kenya. Gudi la Kisumu lilibaki lilipokuwa, pamoja na mashine zake na mafundi wake. Meli ziligawanywa, lakini ujuzi haukugawanyika. Mwanza ilijikuta na vyombo vikubwa vinavyozeeka kila siku majini bila karakana iliyovilea.

Juhudi za kujenga elimu ya ufundi nchini zilikuwepo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974 iliweka msingi wa vituo vya mafunzo na majaribio ya ufundi ya madaraja matatu. Mafunzo ya ubaharia yalianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha VETA, na waajiri wakatakiwa kuchangia mafunzo kwa njia ya tozo. Vituo hivi vilizalisha waashi, mafundi umeme na wachomeleaji wengi. Lakini fundi wa meli ya ziwani alibaki kati ya shule mbili: ile ya ufundi iliyokuwa karibu haikuwa na meli, na ile ya meli ilikuwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ziwani.

Gharama ya pengo hilo ilidhihirika asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikikaribia Mwanza. Meli ilielea chali kwa muda, na watu waliokuwa hai ndani yake walisikika wakigonga. Tundu lilikatwa kwenye tumbo la meli ili kuwafikia. Hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, na meli ikazama. Wazamiaji waliitwa kutoka Afrika Kusini. Mamia ya watu walipoteza maisha, na wengi wamezikwa Igoma. Si haki kuwalaumu waliokata tundu lile. Walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya. Linalopaswa kuulizwa ni kwa nini mji wenye bandari kubwa kiasi hicho haukuwa na kikosi kilichofundishwa mapema kwamba ndani ya chombo kilichopinduka hewa ndiyo uhai wa waliomo na uelezi wa chombo chenyewe.

5.0 Kutoka Ukara hadi Chelezo cha Mwanza Kusini

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafariki. Msiba ulikuwa mkubwa, lakini mambo mawili yalitofautiana na ya mwaka 1996. Siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walimtoa akiwa hai fundi wa mitambo wa kivuko hicho, aliyekuwa amejihifadhi mahali palipobaki na hewa. Na kivuko chenyewe kiligeuzwa na kuvutwa ufukweni na wazamiaji na mafundi wa nchini, wakiongozwa na Jeshi la Wananchi.

Chombo kilichotolewa majini huanza vita vya pili. Injini iliyozama, maadamu ipo chini ya maji, huharibika polepole. Ikishatolewa hewani, kutu hushambulia kwa kasi. Ni lazima ifunguliwe, isafishwe, ikaushwe na kupakwa mafuta bila kuchelewa. Mota za umeme hukaushwa kwa joto la kiasi na kupimwa kabla ya kuwashwa. Fundi asiyejua mpangilio huu huimaliza mashine ambayo maji yalikuwa yameiacha nzima.

Mwaka huohuo wa 2018 ilitiwa saini mikataba ya kukarabati MV Victoria na MV Butiama, kujenga chelezo kipya chenye uwezo wa kubeba meli ya tani 4,000, na kuunda meli mpya iliyokuja kuitwa MV Mwanza. Kampuni kuu zilitoka Korea Kusini, na katika ujenzi wa meli mpya zilishirikiana na SUMA JKT. MV Victoria ilirejea majini mwaka 2020. Kwa mtazamo wa insha hii, kilicho muhimu kuliko meli zote ni chelezo. Kwa chelezo hicho, meli kubwa inaweza kuundwa, kupandishwa nchi kavu na kutengenezwa Mwanza, na kijana wa Mwanza anaweza kuwa karibu na kazi hiyo mwaka hadi mwaka.

Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda tena hadi kufikia, na kuvuka kidogo, kiwango cha mwaka 1964. Mialo na nyumba za ufukweni ziliingiwa na maji. Waliokuwa vijana wakati wa mvua za Uhuru walikuwa sasa wazee wa miaka themanini, na mafundi wengi wa wakati ule walikuwa wamekwisha kufariki.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba mwajiri wa mafundi wa ukarabati katika mwambao wa Mwanza amekuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kukodi ujuzi kutoka mbali. Ni ya haraka, lakini mkodishwaji huondoka na alichokijua. Ya pili ni kumpokea mhitimu wa chuo na kumwacha ajifunze kwa makosa, ambayo juu ya maji hulipwa kwa roho za watu. Ya tatu ni ile iliyojaribiwa Ifunda, na iliyojulikana na wajenzi wa mitumbwi kabla yake: kumfundisha kijana misingi, kisha kumweka miaka ya kutosha chini ya fundi mzoefu kwenye kazi halisi.

Inaweza kupingwa kwamba njia ya tatu ni ghali, na kwamba fundi akishafunzwa huhamia kwingine. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini fundi huhama pale kazi inapokoma, na chelezo chenye meli za kutunza ni kazi isiyokoma. Vilevile, utaratibu wa VETA wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi unampa fundi wa mtumbwi wa Ukerewe nafasi ambayo msaidizi wa karakana ya Kisumu hakuipata: kuhesabiwa, kulipwa anachostahili, na kuitwa mwalimu. Mikataba ya ukarabati inayoandikwa leo ingefaa itaje idadi ya vijana watakaolelewa ndani ya kazi, kama inavyotaja idadi ya mabamba yatakayobadilishwa.